Mguu wa Kushoto

Pasta alimwamuru Kimeli atupe fimbo atembee, na kanisa zima likasimama kushuhudia.

Angeweza. Hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mzima kama ule wa kulia. Angetembea tu, waumini wangeimba mpaka jioni, na yeye angekuwa amemsingizia Mungu muujiza. Basi akatupa fimbo, akapiga hatua moja, akajiangusha. Nyuma yake alimsikia mama yake akilia.

Mambo haya yalianzia Kericho mjini, kwenye ukumbi ambapo Mwalimu Kemuma alifundisha dansi na maigizo ya nyimbo. Chuo kimoja cha Nairobi kilikuwa kimempa nafasi ya mwanafunzi mmoja, akasomee jukwaa mpaka liwe kazi yake. Wote waliitaka nafasi hiyo. Kimeli aliitaka kuliko chakula.

"Kucheza mnajua," Mwalimu Kemuma aliwaambia. "Kuigiza bado."

Akamwita kila mmoja pembeni, akampa kazi yake sikioni. Ya Kimeli ilikuwa kuchechemea mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nyumbani na njiani, awepo mtu asiwepo. "Ukimwambia yeyote, hata mwenzako wa hapa, umetoka," alisema. Kimeli aliona ni mchezo wa watoto, akarudi kwao Kapsoit akichechemea huku akicheka moyoni.

Kicheko hakikukaa. Mama yake, Chepchirchir, alimkanda kwa maji ya moto. Akampeleka kwa mzee wa kuunga mifupa, na mzee akauvuta ule mguu mpaka Kimeli akatoa machozi ya kweli. Halafu mvua ikanyesha, na majani ya chai yakiwa tayari hayamngoji mgonjwa. Mama alichuma peke yake, akabeba magunia peke yake mpaka kituo cha kupimia, kazi iliyokuwa ya Kimeli tangu baba afariki.

"Kaa tu, mtoto wangu," alimwambia akipita na gunia mgongoni. "Ukipona utabeba."

Kimeli alikaa mlangoni, mguu juu ya kigoda, akajiona mwizi. Mara ngapi alitaka kuinuka ampokee! Lakini akiinuka, Nairobi imekwenda. Alijisikia amefungiwa ndani, na ufunguo uko mfukoni mwake mwenyewe.

Alibaki na faraja moja tu, Chelangat. Walicheza dansi pamoja kwa Mwalimu Kemuma, na wazee wa kina Kimeli walikuwa wameshaenda kwao mara mbili kuzungumzia ndoa. Alasiri moja Chelangat alikuja. Mama akamkaribisha chai, akakataa. Kimeli alijua basi kwamba kuna neno, kwa sababu kwao mtu hakatai chai hivi hivi.

"Kimeli, wacha tuachane," alisema walipobaki wawili.

"Nimekukosea nini?"

"Usiniulize."

Hakuutazama ule mguu hata mara moja. Alitazama ukuta, kisha akaondoka haraka.

Sababu ambayo hakuitoa, wanawake wa kituoni waliitoa kwa niaba yake wakingoja lori la majani. "Nani anataka kuolewa na fimbo?" walisema. Lisemwalo lipo, Kimeli alijiambia, na ilimuuma kuliko mikono ya yule mzee wa mifupa. Alimchukia Chelangat. Usiku alimwota.

Ijumaa, siku moja tu kabla ya mwisho, moyo ulimshinda. Alikwenda kwa kina Chelangat jioni, akamkuta akikamua ng'ombe. Akaitupa fimbo kando ya geti, akaruka, akazunguka, akacheza zile hatua walizojifunza pamoja.

"Tazama," alisema akihema. "Niko mzima. Ilikuwa kazi ya Madam Kemuma. Sasa rudi, Chelangat."

Mikono ya Chelangat ilisimama. Alifumba macho kitambo, kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Enda nyumbani, Kimeli," alisema. Akainua ndoo yake, akaingia ndani, na komeo likalia.

Jumamosi Kimeli aliingia ukumbini akitembea sawasawa. Hakungoja kuulizwa.

"Nilisema," alimwambia Mwalimu Kemuma. "Nilimwambia Chelangat."

Wenzake wakaguna. Owiti, aliyeambiwa asiongee na mtu, alikuwa ameshindwa kitambo, timu yake ilipofunga bao. Wengine nao waliinamisha vichwa.

"Basi nafasi ya Nairobi ni ya Chelangat," Mwalimu Kemuma alisema. "Ni yeye peke yake aliyefika mwisho."

Kimeli alihisi damu ikimpanda. Mchumba amekwenda, Nairobi imekwenda, na vyote viwili vimekwenda na mtu mmoja.

"Huyu alifanya kazi gani?" aliuliza. "Si tumwone akiigiza, na sisi tujifunze."

"Waambie," Mwalimu Kemuma alisema.

Chelangat alisimama. Macho yake yalikuwa mekundu, na safari hii hakutazama ukuta.

"Niliambiwa nimwache mtu ninayempenda," alisema, "na nisimwambie sababu mpaka leo."

Kimeli alivuka ukumbi kumwendea. Fimbo ilikuwa bado kwa kina Chelangat, kando ya geti, lakini alikwenda akichechemea, na hakuwa akiigiza.