Mwezi wa Utumishi

Katika dayosisi ile, kiongozi mteule hakusimikwa kabla ya kumtumikia nyumbani kwake, mwezi mzima, mtu ambaye yeye kiongozi alimdhulumu kuliko wote. Mtambo wa kanisa, uliohifadhi kumbukumbu za kila muumini, ndio uliomtaja mtu huyo.

Mzee Ndelilio alimpokea kwa kisasi askofu mteule, Mchungaji Mwasandube, aliyewahi kupiga marufuku nyimbo za kabila la mzee huyo ibadani.

"Sugua tena sufuria, Baba Mchungaji. Mtaka cha mvunguni sharti ainame!"

Mchungaji alisugua akitabasamu, na tabasamu lile likamchoma mzee.

Mwezi ulipokwisha, mtambo ulitangaza kwamba Ndelilio ameteuliwa kuwa mzee wa kanisa. Ukamtaja na wa kutumikiwa: mkewe, Anansia.

Anansia aliketi kwenye kiti cha mumewe, akanyoosha miguu.

"Anza na maji ya moto, Baba Elirehema," alisema kwa upole. "Nimekungoja tangu arusi yetu."