Kadi ya Doto

Nesi aliifinya ngozi ya tumbo la Doto, akaiachia. Ikabaki imesimama.

"Wameharisha wote wawili?"

"Wote, tangu juzi," alijibu Tausi, mama yao. "Mwenzake kapona siku ileile." Kulwa, pacha wake, alikuwa amepakatwa na bibi yao, akitafuna ncha ya kanga.

Nesi akafungua kadi za kliniki ambazo bibi ndiye aliyezitunza. Ya Kulwa ilikuwa na tarehe mbili kwenye mstari wa matone ya kukinga kuhara. Ya Doto ilikuwa tupu kwenye mstari huo.

Tausi akamgeukia mama mkwe wake. "Mama, si uliwapeleka wote?"

"Huyu kila mara nilimkuta amelala. Hawa ni mapacha, mwanangu. Akinywa mmoja, amekunywa na mwenzake."

Nesi alikuwa keshamnyakua Doto kumkimbiza kwenye dripu, na kikombe cha maji ya chumvi na sukari ambacho Doto alishindwa kukinywa kilibaki mezani. Bibi akakichukua, akakisogeza kwenye midomo ya Kulwa.

"Kunywa, mjukuu wangu," akamsihi. "Kunywa, umnywee na mwenzako."