Uji wa Mzazi

Pumzi ya kondoo wangu ilinuka mabibo yaliyochacha, na mabibo yalikwisha tangu Desemba. Siku ya tatu hajala, hasimami, tumbo limejaa kama gunia la ufuta.

Mume wangu alikuwa ameshanoa kisu. "Tumchinje angali hai. Akifa mwenyewe ni mzoga."

Niliweka kiganja ubavuni. Kitu kikasukuma huku, kingine kule. Mapacha. Bwana mifugo wa Ruponda alishatuambia: mapacha humla mama yao kwa ndani hadi pumzi inuke hivyo, mpeni sukari haraka.

Sukari yetu yote ilikuwa kwenye uji wa binti yangu Mwanne, aliyejifungua juzi, na maziwa yake yanatoka kwa kusuasua. Nilibaki nimechuchumaa. Nilichoka hata kuchagua.

Mwanne akatoka ndani polepole, mtoto kifuani, bakuli la uji mkononi.

"Mwanangu, huyo mtoto utamnyonyesha nini?"

"Mimi ninaye mmoja, mama. Mwenzangu anao wawili."

Akamnyooshea baba yake mtoto. Mume wangu alitazama mikono yake, kisha akaweka kisu chini ili ampokee.