Mrashi wa Fedha Katikati ya Meza

Miaka hiyo chochote kilichotimiza miaka mia kilikuwa cha wote. Ukikipamba mezani, mlango unauacha wazi. Anayepita anaingia kula, na akikipenda anakiazima. Ndiyo maana wengi walivificha vyombo vyao vya kale.

Bi Rukaiya alikuwa amechoka kula na mumewe wawili tu. Ijumaa hiyo akautoa mrashi wa fedha wa mama yake, uliokwisha kupita miaka mia, akausugua ukang'aa, akauweka katikati ya meza na kuuzungushia asumini.

Pilau haijapoa, meza imejaa. Aliingia muuguzi aliyetoka zamu, wakaingia mafundi wa paa, kisha mama mmoja na mapacha wake. Mzee Shebe, mumewe Bi Rukaiya, akawanyunyizia marashi wote na kuwachekesha hadi fundi mmoja akapaliwa.

"Babu, una miaka mingapi?" muuguzi aliuliza, akifuta machozi ya kicheko.

"Tisini na tisa. Mwezi ujao natimiza mia."

Wakampigia makofi.

"Basi, Bibi, na sisi tutamwazima," mama wa mapacha alisema, kwa furaha ya kweli. "Watoto wameshampenda."

Bi Rukaiya akacheka pamoja nao. Akamwongezea mumewe pilau, na mkono wake mwingine ukabaki umemshika bega.