Mwanamke asiye na miguu

Philomène, jirani yangu wa Panda, kambi ya wafanyakazi wa kiwanda, aliniambia haya mwaka 1994, tukiwa kwenye foleni ya maji.

Mume wake alikaa bila kazi tangu kiwanda kisimame. Siku hizo akawa anajifungia chumbani, na akitoka ana rangi nyekundu kwenye kucha. Kambi nzima ilijua: mwanaume anayejificha hivyo anafuga mamba muntu, yule mwanamke-samaki anayeleta utajiri, halafu anadai mtoto wa nyumba. Philomène alikuwa na wanne. Akafunga nguo zao, akamwita mama wa kikundi cha maombi, wakasukuma mlango.

Ukutani palikuwa na mfuko wa unga uliokatwa na kutandazwa, na juu yake amechorwa mwanamke mwenye nywele ndefu. Chini ya kiuno hapakuwa na kitu.

"Huyu ni nani?"

"Ni weye."

"Miye? Na miguu yangu iko wapi?"

Mume akainamisha kichwa. "Miguu inanishinda. Niko najaribu mwezi muzima. Shika burashi, fanya weye."

Philomène akavua kandambili, akautazama mguu wake kwa muda, akachora kidole gumba, kinene kama kiazi.

Mama wa maombi alikuwa bado anamkemea shetani. Akanyamaza, akasogea.

"Kisigino haiko vile, mama. Leta hapa."

Walimaliza jua likizama. Mume alisinzia kwanza, halafu watoto. Philomène akaugeuza mfuko uso kwa ukuta, akahesabu watoto wanne, akalala.