Tundu la Mbwa

"Baba watoto, njoo uone, wamerudi," Winfrida alimwita mumewe huku simu yake ikirekodi.

Nje ya uzio wa miiba, mbwa wao alikuwa anakimbizana tena na yule fisi mchanga. Waliangushana, wakarambana pua, wakaanza upya. Winfrida alicheka hadi simu ikatikisika.

"Huyu sasa ni mtu wa nyumbani," mumewe akasema.

Mbwa akachoka. Akaingia ndani kupitia tundu aliloachiwa kwenye miiba ili usiku atoke kulinda. Alipofika walipofungwa ndama, akageuka, akatikisa mkia.

Fisi akapenyeza kichwa kwenye tundu. Mabega yakakwama kidogo, kisha yakapita.

Nyuma yake, kwenye majani marefu, wenzake wakainuka.