Fomu Namba Kumi na Saba

Simu ya mtendaji wa kijiji ilimkuta Eliya akipiga pasi suti ya Jumatatu.

"Kuna mtu huku Ngaramtoni," mtendaji alisema. "Ana orodha ya majina kama ile yako. Anapita boma kwa boma."

"Anauliza nini?"

"Kwangu hasemi. Boma la kwanza hakumaliza dakika tano. La pili hivyohivyo. Anaandika kidogo, anashukuru, anaondoka."

Eliya aliogopa, tena si kidogo. Jumatatu angesimama mbele ya jopo kutetea tasnifu yake ya udaktari: maji ya visima vya Mlima Meru na mifupa ya wazee wanaoyanywa. Miaka minne ya kazi. Fomu mia mbili na kumi za mahojiano, zote kwa mwandiko wake, amezifungia kabatini chumbani kwake Kimandolu, na nakala ziko idarani. Nafasi ya uhadhiri ilikuwa inamngoja. Huko Machame mama yake alishawatangazia akina mama wa usharika kwamba mwanawe ni Daktari. Jamani, mama naye! Alishindwa kungoja siku tatu tu.

"Wanataka kukuibia kazi," alisema rafiki yake Bariki, akiwasha pikipiki. "Kikulacho ki nguoni mwako. Huyo katumwa na mtu wa idarani kwenu."

Eliya alipanda nyuma, wakaondoka.

Walimfuata kwa kuulizia. Kila boma walilofika, mtu yule alikuwa ametoka muda si mrefu. Wenyeji waliwatazama kama wanavyotazamwa wageni wowote, wakawaonyesha njia kwa fimbo, wakarudi kwenye shughuli zao. Ukungu ulikuwa umeushukia mlima na baridi ilianza kuuma.

Boma la kumi na saba walimkuta. Alikuwa mwanamume wa makamo, amevaa kofia ya kufuma, amekaa kwenye kigoda na rundo la fomu magotini. Kando yake bibi mmoja alikuwa akichambua maharage.

"Shikamoo, yeyo," Eliya alimsalimu bibi, akimwita mama kwa lugha yao.

"Marahaba."

"Wewe ndiye Eliya," mwanamume alisema bila kunyanyuka. "Naitwa Abdulrahman. Nilijua utakuja."

"Hizo ni fomu zangu!"

"Ni zako, ndiyo; idara yenu imenipa nakala nizihakiki. Basi nisaidie." Alichomoa moja. "Namba kumi na saba, mwenye boma hili. Ulimhoji Juni mwaka jana?"

Bariki alisogea, kifua mbele, tayari kwa lolote. Eliya aliona aibu kusitasita mbele ya rafiki yake.

"Nilimhoji. Mzee Yiamat. Tulikaa hapahapa, akanionyesha magoti yake yalivyopinda. Mcheshi sana, Mzee Yiamat."

Mikono ya bibi ilisimama juu ya ungo. Mwanamke aliyekuwa akikamua mbuzi aliinuka, akaingia ndani. Abdulrahman hakuandika kitu. Alimgeukia bibi, akangoja.

Bibi alijifunika shuka hadi mdomoni.

"Jina hilo halijatajwa hapa tangu tumzike," alisema. "Huu ni mwaka wa sita."